Kinini na kinkina: jina la ganda lililotoka mbali

Hapa kwetu mtu akisema "nipe kinini", hakuna anayemwuliza kama ana malaria. Labda anaumwa kichwa, labda tumbo, labda jino. Kinini ni kila dawa ndogo ngumu ambayo mtu anameza na maji. Ikiwa moja ni kinini, zikiwa nyingi ni vinini. Ni neno la kila siku, kutoka Masereka mpaka Butembo na Beni, na majirani wetu wa Rwanda nao wanasema ikinini na ibinini.

Neno hilo lina mama yake, na mama yake ni mti. Mti wenyewe tunaufahamu. Unasimama katika mashamba ya vilima vya Lubero na kandokando ya Butembo. Maganda yake yanabanduliwa, yanaanikwa juani, yanatiwa ndani ya mifuko, kisha yanapimwa kwenye mizani ya mnunuzi. Tunauita kinkina, kwa kufuata Kifaransa. Tunaupanda, tunaukata, tunauuza. Lakini ukiuliza jina hilo maana yake ni nini, wengi wananyamaza.

Leo ninataka tulifuate jina hilo kutoka kwao mpaka kwetu. Njiani tutaona nani aliujua mti huu, nani aliuandikia jina, na nani alilipwa. Ni watu watatu tofauti, na jambo hilo linatugusa sisi pia tunaouza maganda kwa kilo.

Ganda la maganda

Asili ya kinkina ni Amerika ya Kusini, kwenye miteremko ya milima ya Andes: Peru, Ekwado, Bolivia na Kolombia. Ni wa jamaa moja na kahawa. Kwa hiyo mkulima wetu mwenye kahawa upande huu na kinkina upande ule analima ndugu wawili bila kujua. Unapenda mlima, mvua nyingi na baridi ya kiasi. Ndiyo sababu ulipoletwa Kivu haukukataa udongo wetu.

Wenyeji wengi wa milima ile wanasema Kikechua, lugha ya ufalme wa zamani wa Wainka. Katika lugha hiyo inaelezwa kwamba kina ni ganda. Ukilirudia neno unalipa nguvu: kina-kina, ganda la maganda, ganda linaloshinda mengine. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo. Tunasema polepole, sawasawa, mbalimbali, na kila mtu anasikia uzito ulioongezeka.

Lakini tangu mwanzo jina hilo lilikuwa na kesi. Mwaka 1737 mtaalamu Mfaransa Charles Marie de La Condamine alifika Loja, kusini mwa Ekwado ya leo, akauchunguza mti, na habari zake zikachapishwa Paris. Alieleza kwamba jina kina-kina hapo kwanza lilikuwa la mti mwingine, ule unaotoa utomvu wenye harufu nzuri unaoitwa zeri ya Peru. Ganda la mti huo wa zamani nalo liliuzwa kama dawa ya homa. Kisha wafanyabiashara wakachanganya maganda ya miti miwili. La pili likaonyesha nguvu zaidi, likabaki na soko, likabaki na jina pia. Ni kama mgeni aliyepokewa nyumbani kwa mtu, na baada ya miaka kijiji kizima kikamwita kwa jina la mwenye nyumba.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Watafiti wa chembe za urithi wanaonyesha kwamba malaria kali, ile inayoua watoto wetu, ilivuka bahari kwenda Amerika pamoja na meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika. Ugonjwa ulitoka upande wetu, dawa ikatoka upande wao. Wote wawili walikutana kwa sababu ya biashara ambayo Mwafrika na mwenyeji wa Andes hawakuwa mabwana wake.

Bibi ambaye hakunywa dawa

Katika vitabu vya wataalamu wa mimea mti huu hauitwi kina. Unaitwa Cinchona. Jina hilo alilitoa Msweden Carl Linnaeus mwaka 1742. Ni huyu aliyeweka utaratibu wa kuita kila mmea kwa majina mawili ya Kilatini. Alitaka kumheshimu mke wa gavana mkuu wa Peru, bibi wa mji wa Chinchón katika Uhispania.

Habari za bibi huyo zilikuwa zimeandikwa na daktari Mwitaliano Sebastiano Bado katika kitabu cha mwaka 1663. Alisimulia kwamba bibi alishikwa na homa kali kule Lima, akapewa unga wa ganda, akapona, kisha akasambaza dawa hiyo kwa maskini na kuipeleka Ulaya. Ni hadithi tamu. Ilipita vitabu na vitabu kwa karibu miaka mia tatu.

Mwaka 1941 mtafiti A. W. Haggis aliipima hadithi hiyo kwa karatasi za wakati ule wenyewe. Daftari la kila siku lililoandikwa Lima halisemi kwamba bibi aliponywa homa kwa ganda. Mke wa kwanza wa gavana alikuwa amekufa Uhispania kabla mumewe hajasafiri kwenda Peru. Mke wa pili, yule aliyekaa Lima, alifariki mwaka 1641 huko Cartagena, njiani kurudi kwao. Basi hakufika na mfuko wowote wa maganda Uhispania.

Juu ya hayo, Linnaeus aliliandika jina la bibi vibaya. Chinchón ina h mbili, yeye akaandika moja. Mwaka 1874 Mwingereza Clements Markham alifanya kampeni ili jina lisahihishwe. Alishindwa, kwa kuwa katika sheria ya majina ya mimea jina lililochapishwa kwanza ndilo linalokaa. Kwa hiyo mti mzima, pamoja na aina zake zote zaidi ya ishirini, umebeba mpaka leo jina la bibi ambaye hakuna ushahidi kwamba aliutumia, tena kwa herufi zilizopungua.

Waliokuwa wanapanda mlima kutafuta mti huo porini, waliojua ganda lipi ni chungu la kweli na lipi ni la kudanganya, hakuna aliyewaandika katika jina.

Ganda linakuwa kinini

Mwaka 1820, mjini Paris, wataalamu wawili wa dawa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Bienaimé Caventou, walifaulu kutoa ndani ya ganda kile kitu kichungu kinachopiga malaria. Walipaswa kukipa jina. Hawakumfuata bibi wa Linnaeus. Walishika neno la zamani la soko, kina, wakalitia mkia wa kitaalamu. Ndipo Wafaransa wakapata neno lao la kinini. Neno la milimani likapata safari mpya.

Kwa Afrika, safari hiyo ilikuwa na uchungu wake. Kabla ya hapo Wazungu wengi walioingia ndani ya bara walikufa kwa homa katika miezi michache. Mwaka 1854 daktari William Baikie alipanda mto Niger na watu wake wakimeza kinini kila siku kama kinga. Walirudi bila kupoteza Mzungu hata mmoja kwa homa. Toka hapo kila msafara, kila posti ya serikali na kila misioni ilikuwa na kisanduku cha kinini. Dawa iliyookoa maisha ndiyo hiyo hiyo iliyofungua mlango kwa waliokuja kututawala. Mambo yote mawili ni kweli, na moja halifuti lingine.

Majirani wetu wa Tanzania wana ukurasa wao katika habari hii. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na kinkina ilikuwa kati ya miti iliyopandwa huko. Vita ya kwanza ya dunia ilipofunga bahari, kinini ilitengenezwa Amani kutokana na maganda ya hapo hapo. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipokuwa likikimbizwa, lilichemsha maganda na kunywa maji yake machungu, ambayo askari waliyapa jina la utani la pombe ya Lettow.

Kule pwani na Tanzania wanasema kwinini, kwa kufuata Kiingereza. Sisi tulilipokea kupitia Kifaransa, tukasema kinini, na hapo Kiswahili kikafanya kazi yake. Neno linaanza na ki-, basi likaingia katika jamaa ya kiti na viti, kitu na vitu. Ni kama kitabu, neno la Kiarabu ambalo tulilipa wingi wa vitabu. Dawa ya kwanza ya kumeza iliyojulikana sana ilikuwa kinini, na dawa zilizoifuata zikaitwa kwa jina la mkubwa wao.

Mtu aliyeleta mbegu

Aina ya kinkina iliyotafutwa zaidi kwa utajiri wa kinini inaitwa Cinchona ledgeriana. Jina la pili linamheshimu Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Peru na Bolivia. Lakini Ledger hakuzichuma mbegu hizo kwa mkono wake.

Aliyezichuma aliitwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia, mtu wa kabila la Waaymara. Kazi yake ilikuwa kutafuta maganda porini, na jicho lake liliweza kutenganisha mti mzuri na mti wa kawaida. Serikali za huko zilikataza mbegu kutoka nje ya nchi, maana zilijua utajiri uko ndani ya punje zile. Mamani alingoja miaka. Mara baridi kali iliharibu maua, mara mbegu hazikukomaa. Mwaka 1865 akamletea Ledger mbegu za miti bora.

Ledger alizituma London. Serikali ya Uingereza haikuzitaka. Waholanzi walinunua sehemu yake, wakaipanda katika kisiwa cha Java, koloni lao. Miti iliyoota ilikuwa na kinini zaidi ya asilimia 10 katika ganda, wakati maganda mengi ya zamani yalikuwa chini sana ya hapo. Waholanzi wakachagua, wakapandikiza, wakapima tena. Kufika miaka ya 1930 Java ilitoa zaidi ya asilimia 90 ya kinini yote ya dunia, na bei ilipangwa Amsterdam.

Na Mamani? Aliporudi kutafuta mbegu nyingine alikamatwa, akafungwa, akapigwa ili ataje zilikokuwa zikienda. Hakutaja. Alikufa mwaka 1871 kwa sababu ya mapigo hayo. Ledger alizeekea Australia bila utajiri, lakini jina lake liko katika kila kitabu cha kilimo cha kinkina. La Mamani halimo katika jina la mti wowote wa jamaa hiyo unaolimwa kwetu.

Kinkina inafika Kivu

Wabeleji waliona kwamba milima ya Kivu inafanana na milima ya Java. Katika miaka ya 1930 upandaji wa kinkina ulishika nguvu, na kituo cha utafiti cha Mulungu, karibu na Bukavu, kikafanya kazi ya kuchagua miche. Mwezi wa tatu mwaka 1942 Wajapani waliteka Java. Kwa siku chache nchi zilizokuwa zikipigana na Japani zilipoteza karibu kinini yao yote. Maganda ya Kivu, yaliyokuwa ya pembeni, yakawa mali inayotafutwa.

Baada ya uhuru, Zaire ikawa kati ya nchi za kwanza duniani kwa maganda ya kinkina. Kule Bukavu kiwanda cha Pharmakina kilitengeneza chumvi za kinini hapo hapo nchini. Tazameni jina lake: kina imo ndani. Neno la wenyeji wa Andes liliandikwa juu ya geti la kiwanda cha Kivu.

Kwetu kaskazini, mti ulitoka katika mashamba makubwa ya Wazungu ukaingia katika mashamba madogo ya raia. Mzazi alipanda kinkina kwenye mpaka wa shamba au kwenye mteremko usiofaa kwa viazi, akijua kwamba baada ya miaka kadhaa itamlipia mtoto minerval. Butembo, mji wa wafanyabiashara, ukawa mahali pa kukusanya maganda pamoja na kahawa, kakao na papaini, na kuyapeleka ng'ambo kupitia njia ya Uganda. Mkulima wa Masereka anayeteremsha viazi na kabichi mpaka Butembo anaona mifuko hiyo ikipangwa kwenye depo, maganda makavu ya rangi ya mdalasini. Akionja kidogo, ulimi unajua mara moja ni kitu gani.

Mizani na jina

Sasa tufike kwa mambo ya leo. Dunia ya dawa imebadilika. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya malaria kali kwa watoto 5 425 katika nchi 9 za Afrika, Congo yetu ikiwa moja. Waliodungwa kinini walikufa 10,9 kwa mia. Waliodungwa artesunate, dawa inayotokana na mmea mwingine kutoka China, walikufa 8,5 kwa mia. Shirika la afya duniani likashauri artesunate itangulie. Kinini haikufutwa, lakini haiko tena mbele. Maganda bado yananunuliwa kwa ajili ya dawa hiyo, kwa ajili ya dawa moja ya moyo, na kwa ajili ya vinywaji vichungu vya tonic vinavyonywewa katika hoteli za Ulaya na Marekani.

Hapa ndipo habari ya majina inakuwa habari ya mfuko. Kwetu mkulima analipwa kwa kilo. Kiwandani ganda halihesabiwi kwa uzito peke yake. Linapimwa ndani yake mna kinini asilimia ngapi. Kilo ya ganda la mti mchanga na kilo ya ganda la mti uliokomaa, wa aina nzuri, ni sawa kwenye mizani ya kijiji, lakini si sawa kwenye maabara. Mwenye maabara anajua anachonunua. Mwenye shamba hajui anachouza. Mamani alijua kwa jicho na hakulipwa. Sisi tuna hatari ya kutojua na kutolipwa pia.

Matokeo yanaonekana shambani. Bei ikipanda, watu wanabandua miti michanga, wengine wanang'oa mpaka mizizi, kwa kuwa mzizi nao una ganda. Bei ikishuka, wanakata wafanye makala au wapande kitu kingine. Mti uliokatwa vizuri, kisiki kikiachwa, unaweza kuchipua tena. Uliong'olewa umekwisha. Ongezeni vita, barabara zilizofungwa na wakulima waliokimbia mashamba yao katika Beni na Lubero, mtaelewa kwa nini mti unaohitaji miaka mingi ni mgumu kuulinda.

Wakulima wenye kinkina wanaweza kufanya mambo matatu bila kungoja serikali. La kwanza ni kuuliza aina. Usikubali tu "mche wa kinkina". Uliza ni ledgeriana, ni ile ya maji mekundu ambayo ina nguvu ya kuvumilia lakini kinini kidogo, au ni mchanganyiko. La pili ni kukusanyika. Mtu mmoja hawezi kupeleka ganda lake maabara, lakini koperative inaweza kudai kipimo kabla ya bei. La tatu ni kutong'oa mti ambao haujafikia umri wake.

Na neno moja la afya. Kuna watu wanaochemsha maganda na kunywa wakisikia homa. Ganda lina kinini kweli, lakini hakuna anayejua kiasi gani kiko ndani ya sufuria. Ikizidi, masikio yanalia, macho yanafifia, moyo unaharibika mwendo. Homa inahitaji kipimo kwenye kituo cha afya, hasa kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Congo inabeba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila kumi wa malaria duniani, kwa hiyo jambo hili si la mchezo.

Wataalamu walimpa bibi wa Chinchón mti, wakampa Ledger aina bora. Wenyeji wa Andes walibaki na neno moja tu, kina, na neno hilo ndilo linaloishi midomoni mwetu. Mama wa Masereka anayemwambia mtoto "meza kinini yako" anasema neno la watu wa Andes bila kuwajua. Mtoto huyo akiuliza jina linatoka wapi, sasa mna la kumjibu. Na mnunuzi akileta mizani yake, mwulizeni yeye pia: ganda hili lina kinini kiasi gani?